Amefungwa pingu na bado anakula virungu: familia ianzie wapi? (Tanga)

Mjumbe Makorora

Salaam wakuu. Swali hili linarudi kila mara kwenye ofisi za mitaa hapa mjini, hasa kwa vijana wa bodaboda na mama zao. Mtu anakamatwa, hakimbii, hapigani, pingu ziko mkononi, na virungu vinaendelea. Keshoye anatoka kwa dhamana, mgongo umevimba. Hapo familia inagawanyika. Mmoja anasema hospitali kwanza, wa pili anasema bila PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) hawakugusi, wa tatu anasema mkilalamika mtamwongezea kesi. Wakimaliza kubishana wiki imekwisha.

Nataka kujua: sheria inamruhusu askari nguvu kiasi gani? PF3 inatolewa na nani kama mlalamikiwa yuko kituo hichohicho? Barua inaandikwaje, na inakwenda kwa nani? Kuna muda unaoisha? Wenye ujuzi tu tafadhali, "mwachieni Mungu" tumeshaisikia.

---

Joho Jeusi

Mkuu, naanza na la kwanza maana ndilo linalobeba mengine yote. Namba ninazotaja ni za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, Toleo la 2022. Kuna toleo lililoanza kutumika Julai 2025 ambalo limepanga upya baadhi ya vifungu, kwa hiyo kabla hujaandika namba kwenye barua, ilinganishe na nakala mpya.

Kifungu cha 11: kukamata ni kumgusa mtu au kumzuia mwili, isipokuwa awe amejisalimisha kwa neno au kwa kitendo. Mtu akisema "sawa afande, twende" akapanda gari, kukamatwa kumekamilika. Akipinga kwa nguvu ndipo nguvu ya askari inaruhusiwa, na hapo ni ile inayohitajika tu. Kifungu cha 12 kinakataza kumbana zaidi ya kinachotosha kumzuia asitoroke. Cha 21 kinakataza nguvu iliyozidi na pia udhalilishaji uliozidi, na kinaweka uzio mkali zaidi kwa kitendo kinachoweza kuua. Juu ya vyote hivyo kuna Katiba, Ibara ya 13(6)(e): ni marufuku kumtesa mtu au kumpa adhabu za kinyama au za kumdhalilisha.

Vifungu hivyo visomeni mkiwa na saa mkononi. Mahakama itauliza pigo lilitua lini, kabla ya pingu au baada yake. Kabla ya pingu, askari ana hoja ya "alikuwa anapinga". Baada ya pingu hoja hiyo inakonda sana. Ndiyo maana maelezo ya "alipigwa vibaya na askari" hayafai kitu. Andikeni hivi: "Alifungwa pingu mikono ikiwa nyuma, akiwa amekaa kwenye kibaraza cha duka. Baada ya hapo askari mrefu mwenye sare alimpiga kirungu mara tatu, mbili paja la kushoto kwa nyuma, moja begani." Mtu akisoma hapo anaona pingu, anaona mkao, anaona idadi, anaona mahali pa mwili. Kisha tabibu akikuta alama mbili pajani na moja begani, karatasi mbili zinazungumza lugha moja.

Utambulisho nao ni hapohapo. Askari wa vyeo vya chini wana namba ya utumishi, herufi kisha tarakimu, na wa kike namba yao inaanza na WP. Kuanzia Mkaguzi Msaidizi kwenda juu tafuteni jina na cheo. Gari la polisi lina namba inayoanza na PT, na hiyo peke yake inatosha kumfanya mkaguzi wa ndani ajue nani alikuwa zamu. Kifungu cha 53 kinamtaka askari anayemhoji mtu aliye kizuizini amtajie jina na cheo chake na amwambie kuwa anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kama alikuwa askari kanzu, andikeni nguo, kimo, jina la utani aliloitwa na wenzake, lolote.

Kuhusu yule wa tatu kwenye familia: hofu yake ina msingi. Kosa la kumshambulia au kumpinga askari akiwa kazini lipo, kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, na mara nyingine linaibuka baada ya malalamiko. Lakini kukaa kimya hakulizuii. Kinacholizuia ni tarehe. Malalamiko yenu yakiwa yamepokelewa kwa muhuri kabla ya hati ya mashtaka, itabidi mtu aeleze kwa nini shtaka la kupinga lilisubiri mpaka mlalamike.

---

Tabibu wa Usiku

Nachukua la PF3, maana hapa watu wanapotezwa sana.

Mgonjwa wa dharura anatibiwa bila PF3. Anayetapika baada ya kupigwa kichwani, anayepumua kwa shida, anayekojoa damu, huyo anaingia mapokezi ya Bombo au kituo chochote cha afya saa hiyohiyo, na fomu inafuata nyuma. PF3 ni karatasi ya ushahidi, haikuwekwa iwe geti la hospitali. Polisi wanajaza sehemu yao, daktari anajaza yake. Na inaweza kutolewa na kituo kingine cha polisi. Mkinyimwa kimoja, nendeni kingine mtoe taarifa upya, mkieleza kwamba aliyepiga ni askari na ni wa wapi. Mkikosa kabisa, mwambieni daktari aandike kila kitu kwenye faili la mgonjwa. Jina litabaki pia kwenye kitabu cha MTUHA (rejesta ya wagonjwa ya kituo) au kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali, pamoja na tarehe na saa, na mahakama inaweza kumwita aliyeandika.

Sasa kosa lenyewe. Mgonjwa anaogopa, akiulizwa "umeumiaje?" anajibu "nimeanguka na pikipiki". Neno hilo likishaingia kwenye faili, wakili wa upande wa pili atalishika mpaka mwisho wa kesi. Sema ulivyopigwa na kitu kilichotumika. Tabibu naye aandike maneno ya mgonjwa kama yalivyo, ndipo aandike alichokiona yeye.

Nini cha kuangalia, kwa wenzangu na kwa familia pia:

Kirungu kikitua kwenye nyama huacha mistari miwili sambamba, katikati pamepauka, kwa sababu damu inasukumwa pembeni. Alama hiyo haifanani na ya kuanguka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri siku ya kwanza, kwa hiyo papasa: uvimbe, joto, ugumu. Piga picha siku ya kwanza, rudia siku ya tatu. Na msichelewe, maana michubuko nayo ni kama wageni wa Tanga, waja leo waondoka leo. Rangi isitumike kutaja saa kamili ya kipigo, haina usahihi huo.

Kofi la sikio ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Linaweza kutoboa ngoma ya sikio bila damu hata tone. Mgonjwa akisema sikio linavuma au anasikia nusu, lazima liangaliwe kwa kifaa cha kumulikia ndani. Pingu zilizobana huacha mkwaruzo unaozunguka kifundo chote cha mkono, na ganzi mgongoni mwa kiganja karibu na kidole gumba, inayoweza kudumu wiki kadhaa. Aliyepigwa nyayo atakanyaga kwa kisigino au kwa ukingo wa mguu, mvueni viatu.

Linaloua ni hili: mapigo mengi kwenye makalio na mapaja, hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Misuli iliyopondwa inamwaga protini zake kwenye damu na figo zinaelemewa. Dalili yake ni mkojo wenye rangi ya kahawa nyeusi, kukojoa kidogo, udhaifu. Apimwe mkojo na kreatinini (kipimo cha damu cha figo), awekewe dripu mapema. Msimpe dawa za maumivu aina ya diklofenaki za dukani, zinaziongezea figo mzigo.

Picha: moja ya mwili mzima sura ikionekana, ya pili ya karibu, kamera ikitazama jeraha moja kwa moja bila kulalia upande, na rula au sarafu ya shilingi mia mbili kando ya jeraha ili ukubwa ujulikane. Mwanga wa mchana, dirishani. Nguo zenye damu zisifuliwe. Zianikwe zikauke kivulini kisha ziwekwe kwenye mfuko wa kaki, kwani kwenye nailoni zinaoza.

PF3 ikishajazwa, toeni kopi kabla haijarudi polisi. Angalieni jina la daktari linasomeka, na kama ameandika aina ya madhara. Madhara ya kawaida yanapeleka kwenye kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, madhara makubwa kwenye cha 225 ambacho kikomo chake ni kifungo cha miaka saba. Neno moja hilo linabadilisha uzito wa jalada zima.

---

Kijana wa Pongwe

Na ya video je? Siku hizi kila mtu ana simu. Si inarushwa tu kwenye makundi, wakubwa wanaiona, kazi imekwisha?

---

Joho Jeusi

Kijana, ukiirusha umeiua nusu. WhatsApp inaibana video na kuifuta taarifa za ndani kama saa ya kurekodiwa, na atakayeileta mahakamani atakuwa mtu wa kumi na tano kuipokea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inauliza uaminifu wa namna ushahidi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na nani aliuandaa. Simu iliyorekodi ihifadhiwe, faili halisi linakiliwe kwa waya kwenye kompyuta, na aliyerekodi awe tayari kuandika maelezo: nilisimama wapi, umbali gani, saa ngapi. Isikatwe, isiwekewe maandishi wala muziki. Nakala moja kwa wakili, moja mahali pengine.

Uzito wa picha unajulikana. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, na picha zilizochapishwa zilimwonyesha akiwa amezungukwa na askari. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja, wakati kwenye picha walikuwa kundi. Sheria ya jinai inamtafuta mtu na kitendo chake, haishitaki kikosi. Ndiyo maana nasisitiza namba na majina mpaka nawachosha.

---

Afande Mstaafu

Naongeza ya ndani, maana barua nyingi za raia zinakufa mezani kwa sababu zinazoepukika.

Kwanza tofautisheni RB na IR. RB ni namba ya taarifa yenu kupokelewa pale kaunta. IR ni namba ya jalada la upelelezi. Mtu anatembea na RB miezi sita akidhani kesi yake inapelelezwa, kumbe hakuna jalada. Baada ya siku saba ulizeni: "Namba ya IR ni ipi, na mpelelezi ni nani?"

Barua iandikwe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD), nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa (RPC), Ofisi ya Taifa ya Mashtaka mkoani, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mlalamikiwa akiwa ni OCD mwenyewe, ianzie kwa RPC. Mkuu wa kituo husika msimfanye mpokeaji mkuu, mtakuwa mnampa mtu jukumu la kujichunguza. Ukurasa mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu. Matusi, siasa na "nyinyi polisi mmezoea" viacheni nyumbani, kwa sababu afisa anayetaka kuifunga barua anatafuta hayo hayo. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini. Wakikataa kugonga, itumeni kwa EMS ya posta, risiti iwe muhuri wenu.

Aya ya mwisho ndiyo yenye kazi. Msiandike "tunaomba haki itendeke". Ombeni vitu: jalada la jinai lifunguliwe, mpelelezi atoke nje ya kituo hicho, na vihifadhiwe kitabu cha matukio, kitabu cha mahabusu, orodha ya zamu ya siku hiyo, na kama risasi au bomu la machozi lilitumika, kitabu cha kutolea silaha. Kila risasi inayotoka ghalani inaandikwa kwa idadi na lazima irudi kwa idadi. Kitabu cha mahabusu kinaonyesha saa mtu alipoingia na hali yake. Akiingia "mzima" na akatoka na PF3 ya madhara makubwa, kituo ndicho chenye kueleza.

Adhabu zipo za njia mbili na watu wanazichanganya. Mashtaka ya kijeshi ni ya nidhamu ndani ya Jeshi: onyo, kushushwa cheo, kufukuzwa. Mashtaka ya jinai ni mahakamani. Kwa kosa la jinai utaratibu uliozoeleka ni askari kushtakiwa kijeshi, kufukuzwa kazi, kisha kupandishwa kizimbani akiwa raia. Mkiambiwa "ameshachukuliwa hatua", ulizeni zipi kati ya hizo. Kuhamishiwa wilaya nyingine si hatua ya nidhamu, ni usafiri.

Na hili la mwisho ni la kituoni: msisaini karatasi ya "sina malalamiko" ili mtu atoke. Dhamana ya polisi haina malipo na haina sharti hilo. Anayedai hela, TAKUKURU 113.

---

Mjumbe Makorora

Mmenifungua macho. Imebaki ya muda. Nimewahi kusikia ni miaka mitatu, kwa hiyo hakuna haraka?

---

Joho Jeusi

Hiyo miaka mitatu ndiyo mtego. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara ya kawaida. Lakini jedwali hilohilo, mstari wa kwanza kabisa, linaweka mwaka mmoja kwa fidia ya kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa. Wakili wa Serikali akija atasema askari alikuwa anatekeleza sheria, hivyo mwaka mmoja. Mnaweza kubishana naye, lakini kwa nini mjiweke hapo? Hesabuni mwaka mmoja.

Ndani ya mwaka huo toeni siku 90. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, kifungu cha 6, inadai notisi ya si pungufu ya siku 90 kwa mamlaka inayolalamikiwa, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mpeni na Wakili Mkuu wa Serikali nakala yake. Tukio la tarehe 10 Machi, notisi ikichelewa hadi 10 Desemba mmefika ukingoni kabisa. Lengeni kuitoa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Tangu mabadiliko ya 2020, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima awe miongoni mwa wadaiwa. Asipounganishwa, shauri lote linaharibika. Kwa bahati Mahakama Kuu tunayo hapahapa Tanga.

Msisubiri jinai iishe ndipo mfungue madai. Kwenye jinai lazima kosa lithibitishwe pasipo shaka ya kuridhisha, kwenye madai inatosha uzito wa ushahidi uegemee kwenu, na saa ya ukomo haisimami kwa sababu upelelezi haujakamilika.

Tume ya Haki za Binadamu haitozi kitu, lakini inatoa mapendekezo tu, na haiingilii shauri ambalo tayari liko mahakamani. Kwa hiyo yenyewe ipelekeeni mapema. Chombo huru cha kuchunguza polisi peke yake hatuna. Ukivuka Horohoro tu, wenzetu wa Kenya wana IPOA, chombo huru cha kuwasimamia polisi, tangu 2011. Kwa asiye na hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na wanaruhusiwa kumfikia mtu hata akiwa mahabusu.

Nusura nisahau: kama mtu bado yuko ndani na saa 24 zimepita bila kupelekwa mahakamani wala dhamana, na kosa si lile la adhabu ya kifo, ombi linakwenda Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 390 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ili aletwe. Na maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi) yaliyochukuliwa nje ya saa nne za msingi za kifungu cha 50, bila nyongeza ya muda, au kwa kipigo, yapingwe siku ileile yanapotolewa mahakamani. Ukinyamaza yakapokelewa, kuyatoa kwenye rufaa ni kazi nyingine.

---

Mjumbe Makorora

Mgambo wa jiji nao? Na Mungu apishe mbali, mtu akifia mikononi mwao?

---

Afande Mstaafu

Mgambo mwajiri wake ni halmashauri. Barua na notisi ziende kwa Mkurugenzi wa Jiji, siku 90 zilezile. Taarifa ya jinai inafunguliwa polisi kama ya mtu yeyote.

---

Tabibu wa Usiku

Kifo kina ugumu wake huku kwetu, kwa sababu maiti hailali. Watu wanataka kuzika kabla ya alasiri. Lakini kifo cha aliye chini ya ulinzi wa polisi kinaangukia Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, na uchunguzi wake ni wa hakimu anayekaa kama korona, yaani mchunguzi wa sababu za kifo. Ndugu wasipokee mwili kabla uchunguzi wa daktari haujafanyika, na waombe kwa maandishi daktari waliyemchagua awepo chumbani. Kazi yenyewe ni ya saa chache. Ikianza asubuhi, maziko baada ya alasiri yanawezekana. Semeni na imamu mapema, wengi wao wanaelewa. Kufukua baadaye inabidi amri itoke, na michubuko ya juu juu itakuwa imepotea.

Anayeosha maiti naye ni shahidi, na hakuna anayemkumbuka. Aliona mgongo, aliona nyayo. Muulizeni siku hiyohiyo, muandike.

---

Joho Jeusi

Nakazia lile la majina kwa mfano mmoja. Mauaji ya mfanyabiashara wa madini Mtwara, Januari 2022: askari saba walishtakiwa, na Juni 2025 Mahakama Kuu ikawatia hatiani wawili, watano wakaachiwa. Hesabu hiyo ikae kichwani mnapoandika majina.

Mjumbe, nitaweka hapa kesho kiolezo cha barua ya ukurasa mmoja, mjaze nafasi tu.